Wimbo usiosajiliwa nao una mwenyewe

Vijana wanaotunga nyimbo Mtwara Mjini, Mikindani hadi Lindi huambiwa kwamba albamu ya kwanza isiyosajiliwa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, haina mwenyewe, na kila mtu anaweza kuichukua. Wengine wameficha nyimbo nzuri kwenye simu wakingoja nauli ya kwenda kuzisajili Dar es Salaam. Inauma, maana si kweli.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa sababu tu imetungwa. Haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili haukupi haki hiyo. Unakupa ushahidi, nao ni muhimu sana siku ya mzozo, kwa hiyo jisajili. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni jambo jingine: huko unatambuliwa kama msanii.

Hatari kubwa naiona studio. Maneno na sauti uliyobuni ni vyako, lakini biti aliyoitunga prodyuza ina haki zake, na rekodi yenyewe inaweza kuwa na mwenye haki mwingine. Kulipia kipindi cha kurekodi hakufuti hayo. Andikianeni kabla ya kuingia kwenye maiki: nani anamiliki rekodi, nani anapata asilimia ngapi. Karatasi moja yenye sahihi na tarehe yatosha kuanzia.

Na ile namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, anayokupa msambazaji wa mtandaoni, hutambulisha rekodi tu. Si hati ya umiliki.