Kontena lililorudi yadini bila lori

Karani wa yadi moja ya makontena kule Miritini, Mombasa, alinipigia simu asubuhi, nimeketi kwa mahamri na mbaazi. "Kijana, hili kontena geti nimelifungulia mwenyewe jana. Mbona kompyuta yasema bado liko hapa?"

Mfumo ule niliuandika mimi, kwa hiyo mbaazi zilipoa.

Makontena yakifika kutoka bandari ya Kilindini tunayasajili kwenye Redis, hifadhidata ya ufunguo na thamani aliyoitoa Salvatore Sanfilippo mwaka 2009. Data yake hukaa kwenye RAM, ndiyo maana ina kasi. Ifikirie kama masanduku ya Posta pale Digo Road: ukiwa na namba ya sanduku unafungua na kuchukua kilichomo, lakini ukiuliza "nipe barua zote zilizotoka Lamu" hakuna atakayekuhudumia. Ili nisiandike amri zake moja moja kwa mkono nilitumia Redis OM ya Python, maktaba inayogeuza vitu vya programu kuwa rekodi. Unaeleza kwamba kontena lina namba, mteja, hali na ada, unaita save, umemaliza. Ni raha, sikatai.

Sasa tazama yaliyotokea. Mhasibu alifungua rekodi ya kontena lile ili arekebishe ada ya kuhifadhi. Kabla hajamaliza, karani wa geti naye akaifungua, akabadilisha hali kuwa "limetoka", akahifadhi. Dakika chache baadaye mhasibu akahifadhi ya kwake. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba save huandika kilichobadilika tu. Kumbe hutuma HSET, amri ya Redis ya kuandika sehemu za rekodi, ikiwa imebeba sehemu zote za kitu, na fomu ya mhasibu ilikuwa bado imeshika hali ya zamani. Kontena likarudi yadini bila lori wala dereva. Redis yenyewe haikukosea: hutekeleza amri moja baada ya nyingine, na hizi mbili zilipokewa vizuri kabisa.

Nikakimbilia update, amri nyingine ya maktaba ileile, kwa kuwa jina lake lilinipa moyo. Nilipofungua msimbo wa toleo nililokuwa nalo nikacheka peke yangu: inabadilisha sehemu uliyoitaja, halafu inaita save ileile.

Dawa niliyotumia haina urembo. Geti sasa huandika hali peke yake, kwa HSET ya moja kwa moja yenye sehemu moja, na mhasibu huandika ada peke yake. Save nimeiachia usajili wa mara ya kwanza. Pale ambapo thamani mpya inategemea ile ya zamani, natumia amri za Redis za WATCH, inayouchunga ufunguo, pamoja na MULTI na EXEC, zinazofunga amri kadhaa ziende kwa pamoja: mtu mwingine akiugusa ufunguo kabla sijamaliza, kazi yangu inakataliwa na inanibidi nisome upya. Maktaba haikufanyii hayo usipoyaomba.

Ufunguo nao ulinitia aibu. Redis OM ukiiacha itakutengenezea ULID, mfuatano wa herufi na tarakimu 26 usiosomeka. Nikajiona mjanja: si kila kontena tayari lina namba yake? Herufi 4 na tarakimu 7 kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346, ile ya mwisho ikiwa ya ukaguzi, kwa hiyo hata kosa la kuchapa hugundulika. Nikaifanya ndiyo ufunguo. Miezi kadhaa baadaye kontena lilelile likarudi Mombasa na mzigo wa mteja mwingine, na rekodi mpya ikaifunika ya zamani. Ankara ya mteja wa kwanza ikabaki haina mwenyewe. Kontena ni chombo tu, linazunguka dunia. Tunachosajili sisi ni safari yake. Nikairudia ULID kwa unyenyekevu, na namba ya kontena sasa ni sehemu ya kawaida yenye faharasa, yaani orodha ya kutafutia rekodi kwa kilichomo ndani yake.

Faharasa hiyo haijitokezi yenyewe. Lazima uendeshe kwanza Migrator, zana ya Redis OM inayoitengeneza, na seva iwe na injini ya utafutaji, ambayo kabla ya Redis 8 ya mwaka 2025 ilikuwa moduli ya kuongeza. Ukiikosa utashawishika kutumia KEYS na nyota, amri ya kuorodhesha kila ufunguo uliopo. Usifanye hivyo kwenye seva ya kazi: itapitia funguo zote, na geti zima litasubiri.

Siku hizi nikiandika modeli mpya, yaani maelezo ya sehemu za rekodi, nafungua dirisha la pili kwenye kompyuta yangu na kuwasha MONITOR, inayoonyesha kila amri inayoifikia Redis. Naita save, nasoma kilichopita. Kwenye seva ya yadi siiwashi, kwani huipunguzia kasi, na karani ana namba yangu ya simu.