Kabla ya minyororo, hati

Kazi yangu ni kupanga maonyesho ya makumbusho hapa Nairobi, na kila tukisema tufanye kitu ya utumwa lazima mtu aseme tutafute minyororo. Minyororo ni sawa, lakini mimi huanzia Rabai, kule pwani karibu na Mombasa.

Pale Rabai, ukikata pale Mazeras, kanisa la zamani la wamishenari ndio siku hizi makumbusho ya Krapf, yule Mjerumani aliyefika pwani 1844. Wageni wengi huenda na stori ya Krapf tu, na kwangu uzito wa pale ni watoro. Watoro ni watu waliokimbia mabwana zao kwa mashamba ya pwani wakaingia misheni, wakajenga, wakalima, wakaoa, halafu wale mabwana wakaja kuwadai na ikawa vurugu kubwa, mpaka mwanzo wa 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyosimamia pwani wakati huo akatoa hati za uhuru kwa watu zaidi ya 1,400. Sasa sikiza hapa: pesa walilipwa mabwana. Mtoro alipewa karatasi, aliyemtumikisha akapewa fidia. Na sheria ya kufuta utumwa pwani ikaja 1907, fidia tena ikaenda kwa waliomiliki watu.

Hii ndio nataka mtoto wa shule kutoka Buruburu arudi nayo nyumbani. Ata neno lenyewe, mtumwa, ni mtu wa kutumwa tu. Na mwungwana, yule aliyezaliwa huru, leo tunamaanisha mtu mwenye adabu, kana kwamba adabu haikua ya wale wengine.

Mwaka jana tuliandika kwa kibao kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010, kwamba hakuna mtu atawekwa utumwani, na cha 25 kinachosema haki hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote. Mama mmoja alisoma pole pole akifuata maneno na kidole, alafu akaniuliza, "Mwanangu, na hii inafika Uarabuni?" Binti yake alikua kazi ya nyumba huko na mwajiri amekaa na pasipoti yake. Nilishindwa kumjibu, nikamletea kiti tukakaa.

Sikuweza kuacha ile sehemu vile ilikua. Kando ya kibao sasa kuna sanduku la kioo lenye pasipoti tupu, haina jina wala picha, na watoto wakifika hapo huuliza ni ya nani.