Kabla Hujapanda Basi la Krismasi, Mbwa Wako Anabaki na Nani?

Kuanzia wiki ya Jamhuri Dei, malalamiko yanayotufikia sisi tunaohudumia wanyama jijini Nairobi huwa ya aina moja, yatoke Kayole, Lang'ata au Kileleshwa. Mbwa amefungwa mnyororo uani, mwenyewe amekwenda mashambani, na kufikia siku ya tatu majirani wanasikia sauti ya kubweka imeanza kukauka.

Tunaamini wengi hawafanyi hivi kwa ukatili. Humwachia bawabu pesa kidogo za unga na omena, wakaondoka na moyo mtulivu. Lakini bawabu ana lango la kulinda, na pengine naye amepewa likizo tarehe 24. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni kosa kumtelekeza mnyama bila sababu ya maana kwa namna inayomtesa, na ni kosa kumnyima chakula au maji. Adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kusema "nilimwachia bawabu" hakukutoi hatiani, kwa sababu mwenye mnyama ndiye anayetakiwa kuhakikisha uangalizi wa kutosha upo. Kwa hiyo patana na mtu anayemjua mbwa huyo, mwonyeshe chakula kilipo, mwachie kadi ya chanjo na namba ya daktari wa mifugo, kisha mpigie simu kila siku. Paka vilevile. Dhana kwamba paka hujitafutia imetuletea paka wengi waliokonda mwezi wa Januari.

Kuhusu chakula cha sikukuu, tumesema mara nyingi na tunarudia: mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, vikakwama kooni au kutoboa utumbo. Mifupa ya kuku na ya nyama choma isimfikie mbwa, wala vijiti vya mishikaki vilivyolowa mafuta. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Chokoleti ni sumu kwao. Na maziwa si dawa ya sumu! Mnyama akila kitu kibaya, usimmiminie maziwa, yai bichi wala maji ya chumvi. Chukua pakiti ya alichokula, umkimbize kwa daktari.

Usiku wa tarehe 31 una hatari yake. Binadamu husikia sauti nyembamba za hadi takriban hezi 20,000 (yaani mitetemo kwa sekunde), ilhali mbwa husikia hata zinazozidi 40,000. Mlio wa fataki unaokufurahisha wewe unamfanya yeye aruke ua. (Fataki zenyewe ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na zinahitaji kibali.) Mwingize ndani kabla ya giza, funga madirisha, shusha mapazia, washa redio, na hakikisha kola ina namba yako ya simu. Usimpe dawa ya usingizi ya binadamu. Paka naye asipewe parasetamoli kamwe, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mbwa anayekimbia usiku huo anaweza kumuuma mtu, na hapo ndipo kadi ya chanjo inapotafutwa. Mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ikiwa ni chanjo yake ya kwanza, kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka, kwa hiyo kumchanja tarehe 23 ili usafiri naye tarehe 24 ni kuchelewa. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila pilipili wala mafuta ya gari, kisha aende hospitali. Chanjo ya binadamu ina dozi kadhaa na kila moja ina siku yake. Asikatize kwa kuwa kidonda kimepona. Dalili za kichaa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Wakati huohuo, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu. Mbwa anayeonekana mzima hufungiwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyouma. Tafadhali, wananchi, acheni kuwapiga mawe hadi kuwaua mbwa papo hapo: mkishamuua, hakuna wa kuchunguzwa kwa siku hizo 10, na aliyeumwa anabaki na wasiwasi.

Kliniki nyingi hupunguza saa wakati wa sikukuu, kwa hiyo uliza ratiba ya daktari wako wiki hii. Baadhi ya watu wanaozunguka mitaani wakiuza sindano za chanjo si madaktari. Mwombe anayemtibu mnyama wako nambari yake ya usajili katika Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kabla hajafungua mkoba.