Hadithi yako ina mwezi gani?

Mwanafunzi anaweza kukariri sura zote za mwezi, akapasi mtihani, na bado asijue mwezi wenyewe uko wapi usiku wa leo. Nafundisha fizikia hapa Mombasa, na hilo huligundua haraka nikimwambia aandike hadithi. Abuni atakacho, ila anga isidanganye.

Majuzi kijana wa kidato cha pili aliwakutanisha wapenzi Lighthouse saa sita za usiku, "hilali ikiwa utosini". Lugha tamu kwelikweli. Lakini hilali haiko mbali na jua. Jua likitua, nayo huzama punde baadaye. Badala ya kumpigia mstari mwekundu nilimuuliza: saa hizo jua liko wapi? Alinyamaza, kisha akacheka mwenyewe. Akabadilisha, akaweka mwezi mpevu, ambao huchomoza jua likizama na kufika juu kabisa mnamo usiku wa manane. Mwezi mpevu ukamletea bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa sana, na yule mvuvi wake aliyekuwa pambo tu akapata la kufanya.

Za Mirihi ndizo nizipendazo, kwa kuwa karibu wote hukosea mahali pamoja. Mwanaanga anaongea na mamake aliye Likoni kana kwamba wamekaa baraza moja. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, lakini hata hivyo ujumbe huchukua kama dakika 3 Mirihi ikiwa karibu kabisa, na kama 22 ikiwa mbali kabisa. Jibu nalo lina safari yake. Msichana mmoja alipolijua hilo aliandika upya: mama anauliza "Umekula?", jibu linafika chai yake imeshapoa. Fomula ubaoni haijawahi kunifanyia kazi hiyo.

Muhula huu nimewapa kisa cha kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Msimulizi awe mvuvi wa Ngomeni, na sababu hiyo ya hewa ijitokeze humo. Sasa wanabishana: mvuvi huyo angeziitaje eksirei?