Pointi 112 Si Hoja, Niambie Ulipata Zamu Ngapi

Juzi tena. Meneja mwenzangu kwenye gemu ya umeneja wa kikapu kaniandikia usiku, baada ya kufungwa mechi ya nne mfululizo: "Mkuu, mashambulizi yangu ni ya kwanza kwenye ligi, 112 kwa mechi. Kinachoniua ni ulinzi. Nimeshamuuza senta (yule mrefu wa chini ya kikapu), natafuta anayejua kukaba." Nikamwomba takwimu za mechi tatu. Ya tatu hata sikuifungua.

Miaka yote niliyocheza gemu hii, sentensi hiyo nimeisoma kwa maneno tofauti mpaka naikariri. 112 kwa mechi hainiambii kitu. Jamaa ameweka mbinu ya mbio tangu msimu uanze, na timu inayokimbia hufunga nyingi na kufungwa nyingi kwa sababu ileile moja: zamu, yaani kila mara timu inaposhika mpira kushambulia mpaka uende kwa mpinzani, zimeongezeka pande zote mbili. Zamu hailimbikizwi. Ukifunga, ukikosa wakachukua ribaundi (mpira unaorudi baada ya kukosa), ukipoteza mpira, inayofuata ni ya mwenzako. Kwa hiyo ndani ya mechi moja timu mbili humaliza na zamu karibu sawa, na kinachoamua ni kila mmoja amezifanyia nini zake.

Kuzihesabu ni kazi ya dakika moja. Chukua mitupo yote ya kawaida, iliyoingia na iliyokosa, toa ribaundi za kushambulia (zile ulizochukua mwenyewe baada ya kukosa), ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru, ile ya baada ya faulo, mara 0.44. Mitupo huru kwa kawaida huja miwili kwa zamu; hiyo 0.44 badala ya nusu ipo kwa sababu mtupo huru wa nyongeza, ule wa baada ya kikapu kilichoingia, haumalizi zamu nyingine. Imetokana na mechi za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kama injini ya gemu yetu inapuliza filimbi kwa uwiano huohuo, siwezi kuapa. Naitumia hivyohivyo.

Mechi yake ya mwisho: mitupo 92, ribaundi za kushambulia 12, mipira iliyopotea 15, mitupo huru 25. Yaani 92 toa 12, jumlisha 15, jumlisha 11. Zamu 106. Alifunga pointi ngapi? 106. Moja kwa zamu, kavu. Sasa angalia timu inayoshika mkia kwenye jedwali la "mashambulizi", ile inayocheza taratibu mpaka ripoti ya mechi inakutia usingizi: mitupo 74, ribaundi 9, iliyopotea 11, mitupo huru 18. Zamu 84, pointi 91. Hiyo ni 1.08. Hawa ndio wanaojua kushambulia. Bwana 112 ana miguu tu.

Na ule ulinzi anaoulaani? Siku hiyo alifungwa 109 katika zamu zilezile 106, sawa na 1.03. Ligi yetu, kwa hesabu yangu ya mkono, ina wastani wa 1.04 kwa zamu. Ulinzi wake hauna ugonjwa wowote.

Anayedhani huu ni upuuzi wa watu wa majedwali, arudi Novemba 22, 1950. Fort Wayne Pistons walijua hawamwezi George Mikan, senta wa Minneapolis Lakers, wakakaa na mpira bila kutupa. Ikaisha 19 kwa 18, Pistons wameshinda, na Mikan peke yake alifunga 15 kati ya 18 za Lakers. Mwaka 1954 NBA ikaleta saa ya sekunde 24, muda wa mwisho wa timu kutupa. Desemba 13, 1983, Pistons haohao, wakiwa wameshahamia Detroit, waliifunga Denver Nuggets 186 kwa 184 baada ya muda wa ziada mara tatu. Ukizitazama kwa pointi tu, utasema 1950 hawakujua kutupa na 1983 hawakujua kukaba.

Hapo ndipo unatoka ule ushauri wa vijiweni: mnyonge apunguze mwendo, kwani zamu chache humpa bahati nafasi zaidi. Ni kweli, nami nimeuhubiri sana. Kisha nikakaa nikapiga hesabu. Timu moja ina 1.06 kwa zamu, nyingine 1.00. Ukishusha zamu kutoka 100 hadi 70, nafasi ya mnyonge kushinda inapanda kutoka kama asilimia 36 hadi 38. Mbili tu! Nimewahi kubadilisha kikosi kizima kwa ajili ya hizo mbili, nikawapanga walinzi wasiojua kutupa ili tu tucheze polepole. Tulifungwa polepole.

Wale wa "seva imenionea", wanaoilaumu kompyuta ya gemu kila wakifungwa na mnyonge, leo siwajibu. Kwenye mfano huohuo mnyonge anashinda zaidi ya mechi moja kati ya tatu. Hesabuni.

Nimrudie rafiki yangu. Ribaundi ya kushambulia haikupi zamu mpya, inairefusha ileile, na ndiyo njia ya bei nafuu ya kuipandisha ile moja kavu. Kati ya zile 12, senta wake alichukua 7. Ndiye aliyemuuza. Nilimwandikia hivyo, hajajibu. Ila asubuhi nimechungulia sokoni nikaona ameweka dau kwa senta mwingine, mzito, ana miaka 33, na sifa yake kubwa kwenye wasifu ni kukaba.