Gesi haina moshi, lakini hewa ukaa inayo

Kila mjadala wa tabianchi unapoibuka, kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi hurudi ujumbe uleule: gesi yetu ya Msimbati na Songosongo haitoi moshi, kwa hiyo haihusiki na ongezeko la joto duniani.

Sehemu yake ni kweli. Gesi asilia ikiungua vizuri haitoi masizi, na mtambo wa umeme wa gesi hutoa takribani nusu ya hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto la dunia) ya ule wa makaa ya mawe. Nusu siyo sifuri. Gesi hiyo zaidi ni metheni, yenye kaboni ndani. Ikiungua, kaboni huungana na oksijeni kuwa hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu. Ikivuja bila kuungua ni mbaya zaidi: ndani ya miaka 20, kilo moja ya metheni hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kilo ya hewa ukaa.

Unataka kuhakikisha? Mwombe mwalimu wa kemia apitishe hewa itokayo kwenye moto wa gesi, hata ya mtungi, ndani ya maji ya chokaa. Yatageuka meupe kama tui.

Mkanganyiko unaeleweka. Tumezoea mkaa, na tunaita uchafu kile kinachotutoa machozi jikoni. "Nishati safi ya kupikia" inahusu zaidi mapafu na misitu, na hapo gesi inastahili sifa. Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze, hata kama aliyeutuma ni mjomba.