Je, wajua kwa nini China iligeuza miamba ya bahari kuwa visiwa?

Fiery Cross ni mwamba ulio katika Bahari ya China Kusini, takriban kilomita 1,000 kutoka kisiwa cha Hainan. Kabla ya mwaka 2014, maji yakijaa ulizama karibu wote. Leo una bandari, rada na njia ya ndege ya karibu kilomita 3. Meli zilifyonza mchanga na matumbawe chini ya bahari, zikayamwaga juu ya mwamba mpaka ukawa nchi kavu. Miamba saba ya Spratly, kundi la visiwa na miamba katika bahari hiyo, ilifanyiwa hivyo.

Zamani Deng Xiaoping, aliyekuwa kiongozi wa China, alikuwa na msimamo mwingine: ugomvi wa mipaka tuuweke kando, rasilimali tuzichume pamoja. China ilikuwa maskini na jeshi lake la majini lilikuwa dhaifu. Hata hivyo upole ule ulikuwa na kikomo. Mwaka 1988 wanamaji 64 wa Vietnam waliuawa katika mapigano na China penye mwamba wa Johnson South. Uchumi ulipokua, subira ikapungua. Mwaka 2009 China iliwasilisha Umoja wa Mataifa ramani yenye mistari tisa inayozunguka sehemu kubwa ya bahari hiyo. Mwaka 2012, mwaka ambao Xi Jinping alishika uongozi wa chama tawala cha Kikomunisti, ikaushika mwamba wa Scarborough, unaodaiwa pia na Ufilipino.

Lakini kisheria kumwaga mchanga hakuongezi kitu. Mkataba wa Bahari wa 1982 unakipa kisiwa kinachokalika eneo la uchumi la maili 200 za baharini, ambamo rasilimali ni za nchi yenye kisiwa. Mwamba usiokalika, mradi unabaki juu maji yakijaa, hupata maili 12 tu za bahari ya nchi. Fungu linalozama maji yakijaa halipati maili zake, hata likijengewa ghorofa. Faida ya visiwa hivi ni kuwapo: meli za doria hutia nanga huko kwa wiki nyingi bila kurudi Hainan, na mwenye kukaa ndiye anayeamua nani apite.

Ufilipino ilishtaki mwaka 2013. Tarehe 12 Julai 2016 jopo la usuluhishi lililoketi The Hague likasema madai ya haki za kihistoria ndani ya ile mistari hayana msingi kisheria, kwani kusafiri na kuvua huko kulikuwa uhuru wa mataifa yote. Hoja hiyo sisi wa pwani tunaielewa upesi. Merikebu za Zheng He, amiri wa China, zilifika Malindi karne ya 15, na Malindi ikampelekea mfalme wa China twiga, lakini maji ya Malindi hayakuwa ya China kwa sababu hiyo.

China iliikataa hukumu. Jopo lilitamka pia kwamba wavuvi wa Ufilipino, sawa na wa China, wana haki ya kuvua Scarborough kama wazee wao walivyovua. Siku hizi mashua za Ufilipino zikikaribia huko, hupigwa na meli za China kwa mizinga ya maji.